Ada Ilifutwa, Shule Haikujengwa

Jumatatu ya tarehe 23 Septemba 2019, karibu saa moja asubuhi, wanafunzi wa Shule ya Precious Talent pale Ng'ando, eneo la Dagoretti jijini Nairobi, walikuwa wameshaingia madarasani. Jengo lao lilikuwa la mbao na mabati, lenye ghorofa moja, na sakafu ya juu ilikuwa imemwagwa zege. Sakafu hiyo iliporomoka. Waliokuwa juu walianguka nayo, waliokuwa chini wakafunikwa. Watoto saba walithibitishwa kufa siku hiyo, na wengine zaidi ya 60 wakapelekwa hospitalini.

Nakirudia kisa hiki kwa sababu tulikilia, tukakijadili kwa wiki chache, halafu tukakiweka kando kama habari ya fundi mbovu na mbao zake. Fundi ana sehemu yake, sikatai. Ila swali linaloninyima raha si la mbao. Shule ile ilikuwa na watoto takriban 800, na elimu ya msingi nchini Kenya imekuwa bila malipo tangu Januari 2003. Ilikuwaje basi watu wanaoishi kwa kibarua cha leo hadi leo, mama mboga, walinzi, mafundi wa mjengo, wakawa wanatoa karo mfukoni ili watoto wao wakasomee ndani ya mabati?

Jibu lilitoka kwa wakazi wenyewe, mbele ya waandishi wa habari waliofika pale: hawakuwa na shule ya umma ya karibu. Basi. Aliyewahi kumlea mtoto wa miaka sita mjini anaelewa maana yake bila kufafanuliwa. Shule ya bure iliyo ng'ambo ya barabara ya matatu na malori, ambako mtoto atakwenda alfajiri peke yake kwa kuwa mama ameshatoka kutafuta riziki, si ya bure. Ina bei yake, na mama anaijua kila siku anaposikia honi. Mfa maji hukamata maji. Shule ya mtaani iko mlango wa tatu, mwenyewe anafahamika, ukikosa pesa wiki hii anakusubiri wiki ijayo, na mtoto anakaa salama mpaka jioni. Au hivyo ndivyo tulivyoamini.

Turudi nyuma kidogo. Serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa wamebaki nyumbani walijitokeza kuandikishwa. Hata mzee Kimani Maruge wa Eldoret, akiwa na miaka 84, alivaa sare na kujiunga na darasa la kwanza mwaka 2004. Ilikuwa furaha ya kweli, na sitaki mtu asome haya akadhani naibeza. Kuna Wakenya wengi leo wanaosaini majina yao kwa sababu ya uamuzi ule.

Lakini karo ilifutwa kwa tamko, na tamko halijengi darasa. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mtoto, fedha za vitabu, chaki na matengenezo madogo madogo. Upande wa walimu, tangu mwaka 1998 ilikuwa imesitisha kuajiri wapya, ikawa inajaza tu nafasi za waliostaafu, walioacha kazi au waliofariki. Kwa hiyo watoto waliongezeka ghafla huku walimu wakibaki walewale. Katika shule nyingi za mijini mwalimu mmoja alijikuta na watoto 80, kwingine 100, wengine wamekaa sakafuni, wengine dirishani. Kusahihisha madaftari 100 ya hesabu kila jioni ni kazi isiyowezekana, na mwalimu hakusahihisha. Mzazi aliyefungua daftari la mwanawe akakuta mwezi mzima hauna alama hata moja ya kalamu nyekundu alianza kuhesabu akiba yake.

Wenye uwezo ndio waliotangulia kuondoka. Hapa nadhani ndipo kosa letu kubwa lilipo, na mimi sijitoi, maana mzazi yeyote mwenye vijisenti angefanya vivyo hivyo. Karani wa wizara alimhamisha mwanawe akampeleka akademi. Mwalimu mkuu wa shule ya umma naye alimhamisha wa kwake. Diwani, daktari, mwanahabari, mchungaji, wote wakahama kimyakimya, kila mmoja akiwa na sababu nzuri. Hakuna aliyevunja sheria. Ila waliohama ndio hasa waliokuwa na sauti: ndio wanaojua kuandika barua ya malalamiko, wanaojua namba ya simu ya afisa wa elimu, wanaoweza kusimama katika mkutano wa wazazi na kumtaka mwalimu mkuu aeleze pesa za madawati zimekwenda wapi. Walipotoka, shule ya umma ilibaki na wazazi wanaoogopa hata kuingia ofisini. Ubovu wake ukakosa wa kuukemea, na ubovu usiokemewa hukua.

Baada ya hapo maskini nao wakafuata njia ileile, kwa bei waliyoimudu. Wenye akademi za ukuta wa mawe na basi la njano walikuwa na za kwao, na mitaa ya mabanda ikapata za kwake, za mabati. Nyingi zilianzishwa na watu wema: mama aliyewakusanya watoto wa jirani wasizurure, kanisa lililotoa ukumbi wake siku za juma, mwalimu aliyekosa ajira. Si haki kuwaita wote walaghai. Biashara kubwa nayo iliona soko. Kampuni ya Bridge ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru mwaka 2009 ikaeneza mamia ya nyingine Kenya na nje, hadi Uganda ikaamuru za kwake zifungwe mwaka 2016 kwa kukosa leseni na kutofikia viwango, na Mahakama Kuu ya huko ikaukubali uamuzi huo.

Sasa niseme juu ya dalili, maana Ng'ando haikuanguka bila kutoa ishara.

Miaka mitatu kabla, Aprili 2016, jengo la ghorofa la kupanga liliporomoka Huruma, Nairobi hiihii, wakafa watu karibu 50. Kufikia wakati huo kulikuwa na kitengo cha serikali cha kukagua majengo, na ukaguzi wake ulionyesha kuwa mengi jijini hayafai kukaliwa. Taarifa zilisomwa, alama nyekundu zikapakwa kwenye kuta. Katika mtaa ambao nyumba za kuishi zinaanguka, nani angetegemea kwamba darasa lililojengwa na fundi yuleyule, kwa vifaa vilevile na bajeti ndogo zaidi, litasimama? Hata hivyo macho yetu yalikuwa kwenye nyumba za kupanga. Shule ina bendera na kengele, nasi tukaona bendera na kengele tukaridhika.

Dalili nyingine ilikuwa ardhi. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, shule ya umma, walirushiwa vitoa machozi na polisi walipoandamana kudai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta na mtu binafsi. Picha zile zilisambaa duniani. Tulikasirika, uwanja ukarudishwa, tukatulia. Tungetulia kidogo na kuisoma picha ile vizuri, tungeona kwamba katika jiji ambako hata kiwanja cha shule iliyopo kinanyemelewa, kiwanja cha shule ambayo haijajengwa hakina mtetezi kabisa. Mitaa ya mabanda hukua bila kutengewa ardhi ya shule, ya zahanati wala ya soko, kwa kuwa katika mipango ya jiji watu wake hawahesabiwi mpaka siku ya kura.

Kisha kulikuwa na dalili ya kwenye makaratasi, ambayo huonekana ndogo. Wizara ilipoona shule za mabati zimekuwa nyingi mno kuweza kufungwa, iliziwekea utaratibu wake wa usajili, wenye masharti mepesi kuliko ya shule za kawaida, kwa mfano kuhusu ukubwa wa kiwanja. Nia ilikuwa njema: heri kuziandikisha na kuzisogeza karibu kuliko kuzikimbiza zikajificha. Lakini masharti yanapolegezwa, ukaguzi ndio unaotakiwa kukazwa, na hapa kimoja kililegezwa bila kingine kukazwa. Shule ikishapata namba, mzazi anaisoma namba hiyo kama ahadi ya serikali kwamba mwanawe yuko mahali salama. Na serikali kwa upande wake inaisoma namba hiyohiyo kama ushahidi kwamba mtaa ule sasa una shule, hivyo hauna haraka ya kujengewa ya umma. Kila upande ulilala ukidhani mwenzake yuko macho.

Pale Ng'ando penyewe, mkurugenzi wa shule alidai baadaye kwamba kazi ya kuchimba mtaro wa majitaka kando ya jengo ndiyo iliyoudhoofisha msingi. Tuseme ni kweli. Basi mtaro ulichimbwa mchana, mbele ya macho ya watu, ubavuni mwa jengo lenye watoto ghorofani. Hiyo nayo ilikuwa dalili, na waliopita pale kila asubuhi wakimshika mtoto mkono walikuwa sisi: wazazi, walimu, majirani. Siandiki hivi kuwalaumu wafiwa. Mzazi maskini hana mizani ya kupimia zege. Nakumbusha tu kwamba jicho la kawaida linaweza kuona mengi likiruhusiwa kuuliza, na kinachotufunga mdomo mara nyingi ni deni. Ukiwa na karo ya miezi miwili hujalipa, huna uso wa kumwuliza mwenye shule kuhusu nguzo zake.

Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa George Magoha, aliifunga shule ile kwa siku chache, na wakaguzi wakatumwa mitaani. Shule kadhaa zilifungwa. Wazazi wakabaki na watoto mikononi wakiuliza swali lilelile la mwanzo: tuwapeleke wapi? Kufunga shule mbovu ni haki, lakini kufunga bila kufungua nyingine ni kumrudisha mtoto barabarani, na baada ya miezi michache mabati yaleyale hupigiliwa mtaa wa pili kwa jina jipya.

Najua msomaji mmoja ameshaanza kunong'ona: dawa ni kupiga marufuku shule za binafsi, watoto wote wasome pamoja, uone kama mawaziri hawatajenga. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyokiri. Nimesema hapo juu kwamba kuhama kwa wenye sauti ndiko kulikoinyong'onyeza shule ya umma, na siifichi imani hiyo. Hata hivyo tuna jirani aliyelijaribu jambo hili karibu lote. Tanzania, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, ilizitaifisha shule nyingi za madhehebu na jumuiya, na ubaguzi wa rangi na dini uliokuwa katika elimu ya kikoloni ukapigwa pigo kubwa. Hilo lilikuwa jema. Lakini nafasi za sekondari za serikali zilibaki chache mno kwa watoto waliomaliza darasa la saba, na wazazi hawakukaa kungoja. Shule za Jumuiya ya Wazazi na nyingine za binafsi zikachipuka, na katika miaka ya 1990 sheria ikalegezwa kuzipa nafasi zaidi. Pengo lisilozibwa na serikali litazibwa na mtu mwingine, liwe limeruhusiwa au la.

Wala shule ya umma haiwi salama kwa kuwa tu ni ya umma. Miezi minne na kidogo baada ya Ng'ando, tarehe 3 Februari 2020, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana wakishuka ngazi jioni wakati wa kwenda nyumbani. Wasiopungua 13 walikufa. Ile ni shule ya serikali, yenye sifa, iliyokuwa imefurika wanafunzi. Chanzo cha taharuki kilibishaniwa, lakini wingi wa watoto katika ngazi zile haukubishaniwa na mtu. Ng'ando waliangamia kwa kukosa shule ya umma, na Kakamega kwa sababu ile iliyopo ilibebeshwa watoto kuliko uwezo wake. Ugonjwa ni mmoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayetaka kuupinga ana ruhusa. Shule za binafsi ziwepo, kwa mzazi anayetaka mafunzo ya dini yake, lugha fulani, au mtindo fulani wa kufundisha. Uchaguzi wa namna hiyo ni haki yake. Lakini haki hiyo ina maana pale tu ambapo kuna shule ya umma inayofikika kwa miguu ya mtoto mdogo na ambayo mzazi angeweza kuichagua bila kujuta. Pasipo hiyo, shule ya binafsi inageuka kodi ya pili kwa mtu ambaye tayari ameshalipa ya kwanza kwenye sukari, sabuni na mafuta ya taa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaibebesha serikali jukumu la kuitoa, pamoja na majengo. Haisemi mahali popote kwamba jukumu hilo linakwisha pale jirani mwema anapopigilia mabati.

Ningependa kuandika kwamba tulijifunza. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha Academy, shule ya binafsi huko Nyeri, liliwaka moto likiwa na wavulana zaidi ya 150. Wavulana 21 walikufa. Bweni lilikuwa limejengwa kwa mbao. Mwongozo wa usalama wa shule ulikuwepo tangu mwaka 2008: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia mtu kutoka, vitanda viachiwe nafasi. Ilipofika Novemba mwaka uleule, serikali ilitangaza kufunga mabweni ya shule za msingi zaidi ya 300 ambayo hayakufikia viwango. Zaidi ya 300, na yote yalikuwa na watoto ndani, wamelazwa na wazazi waliodhani kuna mtu aliyekagua.

Wazazi wenzangu, tukubali kwamba tunapotafuta shule tunatazama vitu visivyostahili. Tunasikiliza kama mtoto wa jirani anaongea Kiingereza. Tunauliza alama za mtihani, tunapenda sare yenye tai, tunahesabu kama basi lina jina kubwa ubavuni. Hakuna anayeuliza nani alichora jengo. Uliza. Omba kuona cheti cha usajili, chenyewe, si nakala iliyofifia ukutani. Uliza afisa wa elimu alikuja lini mara ya mwisho na aliandika nini. Kama darasa liko ghorofani, tazama kuna ngazi ngapi, na kama mlango unafunguka kwa nje au kwa ndani. Ukiona nguzo ya mbao imebeba zege, usingoje kumaliza deni ndipo useme. Sema, na mseme wengi kwa pamoja, maana mwenye shule anaweza kumfukuza mtoto mmoja lakini hawezi kuwafukuza 40.

Na sisi ambao watoto wetu wako akademi nzuri tusijione tumevuka. Mlinzi anayelinda lango la akademi hiyo ana mtoto, na mtoto huyo anasoma mahali fulani. Hudhuria vikao vya bajeti ya kaunti. Fedha za maendeleo ya eneo bunge hujenga madarasa kila mwaka. Dai kujua yamejengwa wapi, na kwa nini mtaa wenye watoto wengi zaidi haumo kwenye orodha.

Kabla hujalipa karo ya muhula ujao, panda mwenyewe hadi darasa la juu kabisa ukaone mtoto wako amekanyaga nini. Ukishuka, nenda ofisini kwa mbunge wako umwombe akuonyeshe kiwanja ambacho shule ya umma ya mtaa wenu itajengwa, na usiondoke na jibu la mdomo.